Bunduki ya Upepo ya Kurudi Nayo Korogwe

Wadogo zangu wa karakana, mliniomba niwaandikie chochote kabla sijapanda ndege, nami nimekubali kwa sharti kwamba asiniulize mtu habari za vyeo na mishahara. Vyeo mliviona kwenye fulana, na mshahara kila mtu anaujua wake. Nitaandika juu ya nati, juu ya mtu aliyenifundisha kuzishika, na juu ya jambo lililoninyima raha tangu nilipostaafu: nirudi nyumbani Korogwe na bunduki gani ya upepo kwa ajili ya karakana yangu ya uani. Najua wengine mtawasomea wake zenu haya kwenye simu, kwa hiyo niseme kwa ajili yao kwamba bunduki ya upepo ni mashine ya mkononi inayofungua na kukaza nati za magurudumu kwa nguvu ya hewa. Tunaiita bunduki kwa sababu ina mpini na kifyatuo, na kwa sababu sisi mafundi hatuoni haya kujikweza.

Swali hilo lingekuwa jepesi kama si mke wangu. Mwanahawa, ambaye wengi wenu mnamwita Mama Zuhura, amelea watoto wa watu katika nyumba moja kule Al Wukair kwa karibu muda wote niliokuwa hapa Doha, na sasa tunarudi pamoja. Nilipomwambia kwamba lile banda la uani kwetu nitaligeuza karakana, aliniambia, "Baba Zuhura, sitaki karakana nyumbani kwangu." Alisema kwa upole, na mke wangu akisema kwa upole ujue amekwisha kukata shauri. Mimi bila karakana sijui nitaamka asubuhi nifanye nini. Najua kufungua gurudumu na najua kulirudisha, na mengine yote niliyowahi kuyajua nimeyasahau. Kwa hiyo nilikuwa natafuta bunduki ambayo mkono wangu utaiweza na mke wangu ataikubali, na niwaambie mapema kwamba dukani hawaziweki kwa mpangilio huo.

Lakini nianze mwanzo. Nilifika Doha mwezi wa Julai, jambo ambalo mtu mwenye akili zake halifanyi. Nilitoka kwenye karakana ya malori kando ya barabara kuu pale Korogwe, ambako tulifungua nati kwa spana ndefu iliyovishwa bomba la maji, wanaume wawili wakining'inia na wa tatu akitoa ushauri. Siku ya kwanza hapa nilivaa buti mpya, nikaingia uani kwa mwendo wa fundi anayejiamini, nikaokota spana iliyokuwa imelala juani tangu asubuhi. Niliitupa huku nikipiga ukelele ambao nadhani ulisikika mpaka mtaa wa Muaither. Mzee mmoja mwenye ndevu nyekundu za hina alitoka kivulini, akakiangalia kiganja changu, akacheka mpaka akachuchumaa, kisha akavua glavu zake akanivalisha. Huyo ndiye alikuwa Gul.

Gul alikuwa Mpathani kutoka milimani huko Pakistani, na ndiye aliyekuwa mkubwa wa upande wa magurudumu. Lugha yetu ilikuwa Kiarabu cha karakana, kile kisicho na sarufi, tukikichanganya na Kiurdu chake na Kiswahili changu. Baada ya muda alikuwa akiwakemea Wanepali kwa kusema "polepole, bwana" utadhani amezaliwa Muheza. Alikuwa mtu wa furaha. Aliimba akiwa chini ya lori, na akiimba vibaya zaidi ndipo ulipojua kazi inakwenda vizuri.

Bunduki hakunipa. Niliiona imening'inia kwenye ndoano yake, nzito, ya chuma kitupu, nikaitamani kama mtoto anavyotamani baiskeli ya jirani, na kila nilipoinyoshea mkono Gul alinishika kifundo. "Yad!" aliniambia, yaani mkono. Kila nati ilianza kwa mkono. Unaiweka kwenye bolti, unaizungusha kwa vidole mpaka uhisi imeingia kwenye meno yake na inakwenda yenyewe bila kuvutana nawe, ndipo unachukua bunduki. Sababu yake ni rahisi. Nati ikianza upande, meno yakapandana, bunduki haina habari. Itaikaza hivyo hivyo kwa nguvu zake zote, na wewe utaondoka ukidhani umemaliza, na gurudumu litaondoka siku nyingine, likiwa peke yake, barabarani. Gul alipokuwa anaanza nati alitazama juu angani, makusudi, ili macho yasimsaidie. Nilidhani ni maringo. Nilipojaribu nami kutazama juu niligundua kwamba vidole vina mengi ya kusema ukivipa nafasi.

Kesi iliyonifanya niamini haya ilitupata Al Wukair, zamani kidogo, wakati sehemu kubwa ya huko ilikuwa bado mchanga na viwanja vilivyozungushiwa uzio. Lori la maji lilikuwa limekwama mbele ya nyumba moja kubwa, gurudumu limelegea, na dereva wake, Mganda mmoja mpole aitwaye Ssali, amekaa kwenye kivuli cha tangi akijipepea kwa kofia. Ndani ya nyumba ile kulikuwa na harusi siku hiyo na hapakuwa na tone la maji. Gurudumu lilikuwa limefungwa kwenye karakana nyingine na mtu aliyeanza kwa bunduki moja kwa moja, na bolti mbili zilikuwa zimeliwa meno.

Mimi nilianza kumsema vibaya fundi yule nisiyemjua. Gul alinipa tupa ndogo ya pembe tatu akanielekeza bolti ya kwanza, yeye akachukua ya pili. Tukakaa mchangani tukayachonga upya yale meno, moja baada ya jingine, jua likituchoma shingo, huku wanawake wa nyumba ile wakija getini kuuliza kama tumemaliza, "Khalas?" na Gul akijibu, "Shwaya, mama, shwaya," yaani bado kidogo. Ssali alitushikia mwavuli alioupata sijui wapi, mwekundu, wa harusi. Bolti zilipokubali nati kwa vidole, lori likaingia, maji yakafunguliwa, na vigelegele tulivyopigiwa siku ile naamini bibi harusi hakuvipata. Tuliletewa sinia ya machbusi, ule wali wao wa nyama, tukala watatu mpaka tukashindwa kuinuka.

Baadaye yule mama mwenye nyumba alikuja kuniuliza kama najua mtu mwaminifu wa kulea watoto wa bintiye. Nilisema namjua mmoja, nimemwoa. Ndivyo Mwanahawa alivyokuja Doha. Nawaambieni, mimi nimepata mengi kwa nati zilizofungwa vibaya na watu wengine.

Bunduki nilipewa hatimaye, nikaipenda kupita kiasi. Zile za zamani zilitikisa mkono mpaka kwenye meno ya nyuma. Ukimaliza foleni ya matrela na kushika kikombe cha chai, kikombe kilitetemeka chenyewe, na tulichekana kwa jambo hilo kwa sababu hatukujua la kufanya zaidi. Gul alirudi kwao, mpaka leo tunapigiana simu na kuzungumza kwa kelele, kila mmoja akidhani mwenzake ndiye amekuwa kiziwi. Mimi nikabaki na ndoano yake. Na miaka ya karibuni vidole vya mkono wangu wa kulia vikaanza kuwa vyeupe kwenye baridi ya kiyoyozi na kufa ganzi, hasa kile cha shahada na cha kati. Daktari alinieleza kuwa ni mtikisiko wa mashine na akaniambia nipunguze. Nikamwuliza nipunguze mashine au nipunguze vidole. Hakucheka, lakini Mwanahawa, ambaye alilala kwa mwajiri wake nasi tukaonana Ijumaa tu, nilipomsimulia alicheka, kisha akanishika ule mkono njia nzima kutoka stesheni.

Sasa tufike kwenye kustaafu. Mnamjua Odhiambo, kwa kuwa ndiye mkubwa wenu leo, lakini kwa wake zenu niseme ni kijana wa Kisumu niliyemfundisha mimi, ana moyo mpana na sauti pana zaidi. Alinijia siku ya mwisho ya kazi akiwa amejaa siri usoni.

"Mzee, sikia. Machali wote hapa kazini wameshikana, tunakununulia gun ya kwenda nayo. Si ya mchezo. Ile kubwa kabisa, ya trela. Ukifika Tanga watu wajue umetoka Doha."

"Korogwe," nikamsahihisha.

"Hapo hapo. Watajua hata huko."

Nilifurahi mpaka macho yakaniuma. Kisha nikamwuliza hiyo bunduki ya trela nitaichomeka wapi. Akanitazama kama nimemwuliza maji yanatoka wapi bombani. Na hapo ndipo lilipo kosa letu sisi watu wa karakana kubwa, nalo nimewaona wengi wakilibeba kwenye masanduku mpaka nyumbani. Hapa ukutani kuna bomba la hewa. Unachomeka, unafyatua, hewa haiishi, kwa sababu nyuma ya ukuta kuna kompresa kubwa kama chumba ambayo hatujawahi hata kuisalimia. Mtu anakaa humu ujana wake wote, kisha ananunua bunduki kubwa aliyoizoea, anarudi nayo kwao, anaichomeka kwenye kompresa ndogo ya tangi moja, na inamwaibisha mbele ya majirani.

Kompresa yangu nilikwisha kuisafirisha kwa meli, iko bandani Korogwe imefunikwa shuka ambalo mke wangu bado anaulizia. Ni ndogo, ya umeme wa nyumbani. Ya aina ile ile tunayo kwenye kona ya kujazia upepo. Nikamwambia Odhiambo tuitoe bunduki ya trela kwenye ndoano, tuichomeke pale, tujaribu nati moja tu. Mlikuwepo wengi. Ilianza vizuri, ikanguruma, ikapiga mara chache kama inataka kuvunja nyumba, kisha ikaanza kusinzia. Sauti ikalegea, mshale wa tangi ukaanguka, kompresa ikawa inahema pembeni, na ile nati ikabaki pale pale inatutazama.

"Ai! Kwani imekufa?" Odhiambo akauliza.

"Haijafa. Ina njaa."

Mlicheka mpaka mlinzi wa getini akaja kuangalia. Odhiambo naye alicheka, na jambo hilo nampendea. Akasema, "Basi Mzee chagua wewe mwenyewe, sisi tutasimama nyuma yako." Kwa hiyo nikachukua fimbo yangu ya kustaafu, nikaanza kuzunguka maduka ya vifaa.

Mkitaka kuchagua yenu siku moja, anzeni na kompresa. Kompresa imebandikwa kibao kinachosema inatoa hewa kiasi gani kwa dakika, na boksi la bunduki linasema inakula kiasi gani. Inayokula iwe chini ya inayotoa, tena iache nafasi, kwa kuwa anayeandika maboksi hajawahi kufungua gurudumu la mtu mwenye haraka. Ile nguvu kubwa iliyoandikwa kwa wino mwekundu huwa ni ya kufungua, ya nukta moja, kwa hewa ya kutosha na dua za wazazi. Kwa magari madogo na pikapu za kwetu, ya nusu inchi, kwa kipimo cha ile ncha inayovaa soketi, inatosha kabisa. Ya trela waachieni wenye trela.

Msisahau mpira. Nimeona mtu ananunua bunduki nzuri na kompresa nzuri halafu anaziunganisha kwa mpira mwembamba mrefu, hewa inafika huko mwisho imechoka. Mpira uwe mpana kwa ndani na mfupi kadiri banda linavyoruhusu. Kuwe na kichujio cha kukamata maji, kwa sababu hewa ikibanwa hutoa maji, na maji yakiingia kwenye bunduki huila kwa ndani. Matone ya mafuta kila asubuhi kabla ya kazi. Soketi, vile vikombe vinavyoshika nati, ziwe zile nyeusi nene. Zile zinazong'aa ni za mkono, ukizipiga kwa bunduki zinapasuka, na kipande kikiruka hakichagui pa kwenda. Na ukimaliza kukaza, maliza kwa spana ya kipimo, ile inayolia kwik ikifika. Bunduki inasogeza tu nati ifike pale. Neno la mwisho ni la spana ya kipimo.

Hayo yote nayajua. Sasa oneni nilivyoyafanyia kazi. Jioni moja nilimpigia Mwanahawa simu nikamwuliza tena, kwa nini hasa hataki karakana.

"Sitaki tu, Baba Zuhura."

"Ni kelele?"

"Na kelele nazo," akasema.

Basi. Fundi akipewa tatizo linalopimika hahitaji jingine. Kutoka siku ile sikutafuta bunduki nzuri, nilitafuta bunduki ya kimya. Nilikuwa naingia dukani naulizia sauti kwanza, wauzaji wakidhani nataka kuiba magurudumu. Nilipakua kwenye simu ile programu ya kupima kelele, nikawa nasimama katikati ya duka nimeinyosha mbele ya bunduki kama mtu anayemhoji waziri. Mwenye duka mmoja, Mkerala wa kutoka India anayeijua karakana yetu, alinionea huruma akanipa mbili niende nazo nikajaribu Ijumaa, nirudishe moja kesho yake.

Ya kwanza ilikuwa ya aluminiamu, hewa inatokea chini ya mpini na kuna kizuia sauti humo, inaongea kwa heshima kabisa. Ila ilikuwa nzito, na ukiishika muda mkono unaanza kuikataa. Ya pili mwili wake ni wa plastiki ngumu, pua fupi, ndani ina nyundo mbili zinazopigana kwa zamu, hivyo mtikisiko wake ni mdogo. Sauti yake ilizidi kidogo. Kwa mkono wangu wenye ganzi, mtoto wa shule angechagua ya pili. Mimi nilikwisha kuamua ya kwanza. Nilijiambia mkono utazoea, na mke wangu atalala mchana kwa amani.

Ijumaa nikamleta Mwanahawa uani kwenye karakana yetu. Alikuja kwa metro na basi akiwa amevaa mtandio wake wa kijani, amebeba chapati na maharage ya nazi kwa ajili ya Odhiambo, ambaye alikuwa ameleta pikapu yake mwenyewe tuifanyie majaribio. Uani palikuwa kimya, nyote mkiwa mapumzikoni. Gurudumu la mbele nililitoa nikalipachika tena, nikamwomba mke wangu asimame kule getini, mbali, asikilize.

"Nisikilize nini?"

"Sauti. Uone kama ni kero."

Akanitazama, akamtazama Odhiambo, Odhiambo akatazama chapati. Hakwenda getini. Alikuja akachuchumaa karibu yangu kwenye gurudumu, akanitazama nikianza nati. Nilianza ya kwanza, ya pili, ya tatu, nimeinua uso juu kama nilivyofundishwa. Nikachukua bunduki ya aluminiamu.

"Ngoja," akasema. Alikuwa ameshika ile nati ya tatu kwa vidole vyake viwili. "Hii haijakaa. Inavutana."

"Imekaa, nimeihisi."

"Hujaihisi, Baba Zuhura. Ishike."

Nikaishika. Sikuhisi kitu, na huo ndio ukweli wenyewe. Odhiambo akaja akairudisha nyuma akaitoa, na kweli ilikuwa imeingia upande. Ningepiga bunduki pale, bolti ya pikapu ya mwanangu huyu ingekuwa imekwisha kuliwa. Nilikaa chini kwenye sakafu. Niliogopa, wadogo zangu, nawaambia wazi. Nilitazama vidole vyangu nikaona karakana inaondoka, na hakuna bunduki ya duka lolote ambayo ingeirudisha.

Odhiambo akamgeukia mke wangu. "Mama Zuhura, wewe umejua aje hiyo maneno ya nati?"

"Nimejua aje? Mwanangu, kila Ijumaa nasimuliwa nati. Wenzangu wanaletewa maua, mimi naletewa Gul na tupa yake. Ningekuwa mjinga kama bado sijui." Kisha akaichukua ile nati, akaiweka kwenye bolti, na akatazama juu. Niliona vidole vyake vinavyosuka nywele za watoto vikiizungusha taratibu, ikaingia, ikateleza mpaka ndani. "Hii ndiyo imekaa," akasema.

Nikasema la kijinga. Nikamwambia hata hivyo bunduki hii ya aluminiamu haina kelele, nimeipima kwa simu.

"Nani amekwambia mimi nasumbuliwa na kelele?" akaniuliza. "Nimelea watoto wenye ngoma na tarumbeta, tena ndani ya nyumba ya vigae. Kelele nitakuuzia."

"Ulisema kelele!"

"Wewe ndiye uliyesema. Mimi nilikuonea huruma tu."

"Sasa tatizo ni nini, mke wangu?"

Akajifuta mikono kwenye kitambaa cha karakana, tena kile kichafu, bila kujali. "Tatizo ni kwamba nimeolewa na mtu wa Ijumaa. Miaka yote hii mume wangu ni wa Ijumaa, na saa ya kwenda kuwahi treni anatazama saa. Nikirudi Korogwe nataka Jumamosi. Nataka Jumatatu na Jumanne. Na wewe unataka kuingia bandani alfajiri unioneshe miguu yako chini ya gari la mtu. Mume wa miguu sitaki."

Odhiambo alikumbuka ghafla kwamba kuna kitu anatakiwa kukiangalia upande wa pili wa yadi. Mimi nilikuwa bado sakafuni. Wiki nzima nilipima sauti za mashine, na mwanamke huyu alikuwa ananidai siku za wiki. Nilimpenda pale kwa nguvu mpya kabisa, mzee mzima, mikono ina grisi, na sikuona aibu kumwambia. Nikamwambia sina raha bila nati na sina raha bila yeye, na vidole vyangu vya kulia havifai tena kuanza kazi peke yavyo.

"Basi ingia bandani na mimi," nikasema.

"Nikafanye nini? Nikupikie chai?"

"Chai nitapika mimi. Wewe uanze nati. Mimi nishike bunduki. Bila wewe sifungi gurudumu la mtu, nakuapia, na fundi anayeanza nati kama wewe Korogwe nzima hayupo."

Mke wangu akifikiri hukunja midomo, akaikunja. Kisha akanyosha mkono akasema, "Nipe hiyo niione." Nikampa ya aluminiamu. Mkono ukashuka kwa uzito, na kidole chake hakikufika vizuri kwenye kifyatuo. Akanirudishia bila maneno mengi. Nikampa ile ya plastiki yenye pua fupi. Akaishika, akaigeuza, kidole gumba chake kikakuta kile kiswichi cha mbele na nyuma bila kutafuta. Nikamwonyesha asimame vipi, bega lisikaze, bonyeza kidogo kwanza, usikurupuke. Akabonyeza. Ilipolia aliruka, akapiga kelele kuliko mashine, kisha akacheka, na nilikuwa sijausikia mcheko ule tangu tulipokuwa wachumba.

Akakaza zote, kwa mshazari kama nilivyomwelekeza, nami nikamalizia kwa spana ya kipimo huku yeye ameinamisha sikio kusubiri kila kwik. Odhiambo alikuwa amerudi, anatupiga picha kwa simu mdomo umejaa chapati. Nilianza kufungasha, nikakunja mpira, nikamwambia kwamba tumemaliza, tutarudisha ya aluminiamu kesho na hii ya plastiki ndiyo tunayopanda nayo ndege.

Mwanahawa alikuwa amekwisha kuzunguka upande wa pili wa pikapu, bunduki mkononi, mtandio ameufunga kiunoni.

"Mbona unakunja mpira?" akaniuliza. "Hili nalo nani atalifungua?"